Mgeni Hanywi Peke Yake

Yuliana alikula sahani mbili za ndagala za kukaanga, akajipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, kisha akawaambia wajukuu wangu, mbele yangu, nyumbani kwangu: "Munamuona huyu bibi yenu, swala tano, Ramadhani haimpiti? Mimi nilishamuona amelewa." Wajukuu wote wakanigeukia, na yule mkubwa, ambaye anasomea udaktari na hacheki ovyo, akaacha kutafuna. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Sikuwa nimemwona Yuliana tangu mwaka wa sabini na mbili, alipoyakimbia mauaji akavuka ziwa na watoto wake kwenda Tanzania. Mimi nilibaki upande huu wa Burundi, nikimuuliza kila aliyetoka Kigoma kama ameonana na mwanamke mrefu mwenye mwanya. Amerudi mzee kama mimi, anakaa Nyanza-Lac kwa mwanawe, na jana alipanda basi dogo akaja Rumonge kunitafuta, akauliza sokoni, akaletwa mpaka mlangoni. Niliposikia sauti uani inasalimu "Amahoro hapa!" nilijua ni yeye kabla sijainuka. Nililia, sitaki kuficha. Halafu nikampikia, na malipo yake ndiyo hayo, kunianika mbele ya watoto. Basi na mimi nitaeleza yote, maana jambo likielezwa nusu linakuwa umbea.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Nilikuwa bibi harusi bado, hata hina ya ndoa haijafutika, na tayari nina mimba ya kwanza. Mume wangu Ramazani alikuwa fundi cherehani, na tulikaa chumba kimoja katika mtaa wa Waswahili, kitanda nyuma ya pazia, cherehani mbele dirishani. Mimba ile ilinichukia. Nilikuwa sitaki hata kunusa mawese, na Rumonge, Mungu wangu, ukikimbia mawese utakimbilia wapi? Maharagwe yanapikwa kwa mawese, mchicha kwa mawese, mpaka hewa ya asubuhi ina mawese. Kwa hiyo nililala nyuma ya pazia na kipande cha limau puani, nikisikiliza wanaume wanaongojea suruali zao wakibishana kuhusu uhuru. Mmoja anasema uhuru ukija kodi itakwisha. Mwingine anamjibu, kodi itakwishaje na wewe hujawahi kuilipa? Ramazani anawaitikia wote, "Ni kweli, ni kweli," na pini zimejaa mdomoni. Siasa yangu nilijifunza pale, nimelala, na sijaona tangu hapo mahali pazuri zaidi pa kuisomea.

Kila Alhamisi nilikwenda dispanseri kupimwa, na huko ndiko nilikokutana na Bi Zaituni. Alikuwa mkunga, mwanamke wa asili ya Uvira, mnene, mwepesi wa miguu, anayejua kukusema kwa Kiswahili, akuongezee kwa Kirundi, na kama hujasikia amalizie kwa Kifaransa. Chumba chake kilipakwa chokaa mpaka kinaumiza macho, kuna benchi moja refu, na juu ya benchi wanawake wa kila namna, mke wa muuza samaki, mke wa karani, mwanamke aliyeteremka kutoka milimani na jembe lake. Bi Zaituni alikuwa na vita moja aliyopigana kila Alhamisi, nayo ni pombe kwa wenye mimba. Huyu mjukuu wangu wa udaktari ananiambia siku hizi jambo hili limeandikwa vitabuni, linajulikana dunia nzima. Sawa. Wakati ule Bi Zaituni alikuwa na macho yake tu na watoto aliowapokea kwa mikono yake. Alikuwa akisema, "Anachokunywa mama, mutoto hanyimwi," na wanawake wanacheka, maana wengi waliambiwa na mama zao kwamba pombe ya mtama inaleta nguvu na maziwa. Hakuwagombeza. Alijua kumgombeza mlevi ni kumnunulia kiu. Alichofanya ni kumtafutia kila mmoja mtu wa kukaa naye, na sisi tuliofanya kazi hiyo tuliitwa hivyo hivyo, wakaaji. Saa ambayo vyungu vya pombe vinatolewa uani, baada ya alasiri mpaka jua linapozama, mkaaji anakuwa pale, bega kwa bega na mwenziwe. Basi. Hakuna mahubiri.

Siku moja alinishika mkono nikitoka. "Mariamu, weye una maneno mengi kama redio. Kuna mwanamke nataka ukakae naye. Mimba zenu zinakimbizana." Nikasema mimi Muislamu, pombe nitaijulia wapi? Akasema, "Ndiyo maana nimekuchagua," akanisukuma chumba cha nyuma. Yuliana alikuwa ameketi juu ya kitanda, anashika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na bado uji unamwagika, namna alivyotetemeka. Alikuwa mke wa Karoli, mkamwana wa Mama Karoli, mpika pombe hodari kuliko wote njia ya Kizuka, na kazi aliyopewa alipoolewa ilikuwa kuonja. Anaonja asubuhi kama mtama umeiva, anaonja mchana, anaonja wateja wakija, mpaka kuonja kukageuka kunywa na kunywa kukageuka yeye mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo, dhaifu, hana nguvu ya kunyonya, na hakufikia kubatizwa. Sasa ana wa pili tumboni. Alinitazama akaniambia kwa sauti ndogo, "Huyu namutaka." Nikaketi kando yake, nikamshikia kikombe.

Bi Zaituni hakumkatia ghafla. Alisema mwili uliozoea ukinyimwa mara moja unaweza kumwangusha mtu, kwa hiyo alimlaza pale pale dispanseri, akampunguzia kidogo kidogo chini ya macho yake, na huku anamlisha. Jamani, vyakula! Uji wa karanga, supu ya samaki yenye ndimu, ndizi za kuchemsha, chai ya sukari nyingi. Nilikuwa nakwenda kumtazama mgonjwa na ninarudi nimeshiba mimi. Kwake ndiko mawese yalikoacha kunichukiza, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kula huku unacheka. Yuliana alikuwa na ulimi. Alimwiga Bi Zaituni anavyotembea, aliwaiga wateja wa mama mkwe wake wanavyoapa kwamba hiki ndicho kikombe cha mwisho. Mikono yake ilipotulia, akaanza kunisuka nywele.

Tabu ilikuwa nyumbani. Msiojua kwetu mtasema, si akatae tu? Pombe ya mtama hainywewi kila mtu na gilasi yake. Chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake, na mwenye chungu anaonja kwanza kuonyesha hakuna sumu. Ukipewa mrija ukaukataa, umemwambia mwenye nyumba kuwa ni mchawi. Na Yuliana aukatae mrija wa mama mkwe wake, chini ya paa la mama mkwe wake? Bora arudi kwao siku hiyo hiyo. Bi Zaituni alikwenda kuzungumza, nami nikafuata nyuma. Mama Karoli alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekomaa kwa kusaga mtama, kiko mdomoni. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda, akasikiliza, kisha akasema: "Mimi nimezaa, nimekunywa, wanangu wako hapa. Leo munanifundisha kuzaa? Hapa kwangu mutu hanyimwi mrija, na hakuna anayekataa." Nilidhani yamekwisha. Bi Zaituni akasema kwa upole, "Sawa mama. Na huyu Mariamu akija kukutembelea, utampa nini? Ni Muislamu." Mama Karoli akaudhika kweli, kama vile amesingiziwa uchoyo. Umutobe! Mgeni Muislamu anapewa umutobe, maji ya ndizi mbivu, matamu, hayajachachuka, katika chungu chake kidogo, kila mtu anajua hilo! "Na atakunywa peke yake?" akauliza Bi Zaituni. Mama Karoli akatoa kiko mdomoni. Kwao mgeni hanywi peke yake, ni aibu kwa nyumba nzima. Lazima mtu wa nyumbani aweke mrija pamoja naye. Akamtazama Bi Zaituni muda mrefu, akaona alivyofungwa kwa kamba yake mwenyewe, akacheka moshi ukamtoka puani. "Uko mwanamke mubaya," akamwambia. "Basi mgeni aje."

Mgeni akaja. Nilikuwa mgeni kila siku, mpaka mbwa wao wakaacha kunibwekea. Asubuhi nilinunua umutobe uliokamuliwa siku hiyo, jioni tunaketi mimi na Yuliana na chungu chetu kidogo kando ya chungu kikubwa, mirija miwili, na hakuna aliyetukanwa. Wazee walimtania Yuliana kwamba amesilimu, wakaniuliza mimi nitabatizwa lini ili tubadilishane. Tulimenya karanga, tulichambua mtama, tulisengenya wanaume wote wa Rumonge, na wa kwangu nilimpa sehemu yake. Haikuwa kicheko tu. Kuna jioni upepo ulileta harufu ya chungu kipya, na Yuliana akanyamaza katikati ya neno, macho yake yanafuata mrija wa jirani unavyopanda na kushuka. Alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniingia nyamani. Nilimwacha abane. Harufu ilipopita akaniachia, akasema, "Tulifika wapi? Yule muuza chumvi na mke wa pili." Nikaendelea na muuza chumvi, na mkono unaniuma, na moyo umejaa. Nilimpenda siku hiyo.

Ikaja siku yenyewe ya uhuru. Wiki nzima Ramazani hakulala vizuri kwa kushona. Kila mtu alitaka nguo mpya, kana kwamba uhuru utapita nyumba kwa nyumba kukagua. Bendera ilipandishwa, ngoma zikapigwa mpaka mtoto akacheza tumboni, na baada ya hapo watu wakatawanyika nyuani kwa watu kunywa. Uwanja wa Mama Karoli ulijaa hadi nje. Bi Zaituni alikuwa ametaka wenye mimba wote wapate umutobe siku hiyo, si sisi wawili tu. Na kwa sababu soko lingefungwa kwa sikukuu, alikamulisha ndizi mapema, akanunua sokoni chungu kikubwa kilichotumika, cha bei nzuri, akakisugua kwa majivu na sabuni, akamwaga umutobe ndani, akakifunika kwa majani ya mgomba na kukiweka jikoni kwake penye joto. Hapo wapika pombe wote wanaosoma wameshashika vichwa. Sisi tulijuaje? Mtaa mzima wa Waswahili, hakuna aliyewahi kupika hata kibuyu kimoja. Ramazani na jirani yetu wakakibeba kwa mti begani mpaka kwa Mama Karoli, huku nikiwapigia kelele wasinimwagie.

Bi Zaituni mwenyewe aliitwa kuzalisha, hakuja nasi. Kwa hiyo mwenye chungu nikawa mimi, na mwenye chungu ndiye anayeonja kwanza. Jua lilikuwa kali, kiu imenikamata, nikasema Bismillahi nikavuta. Yaliniwasha ulimi, yakanipanda puani. Nikajiambia, ndizi za mwaka huu zina ladha! Nikavuta tena. Nikawaza pengine ndivyo uhuru unavyoonja. Nikavuta ya tatu, ndefu, huku nikimpa Yuliana mrija wake kwa mkono mwingine. Yuliana akainama, akavuta, na nikaona shingo yake imesimama. Hakumeza. Amefumba macho, mashavu yamejaa, na watu wote wameinamia vyungu vyao, hakuna anayemtazama isipokuwa mimi, ambaye nilikuwa nimeshaanza kuona michikichi inayumba. Ameniambia tangu zamani, na jana amerudia akiwa na ndagala mkononi, kwamba hakuna siku ilikuwa rahisi kunywa kama ile. Chungu cha Waislamu. Kimetoka kwa mkunga mwenyewe. Nani angemlaumu? "Hata Mungu angesema ni kosa la Zaituni," anasema. Alikaa hivyo, sijui muda gani. Kisha akaitema chini, puu! mbele ya watu wote. Kutema kinywaji cha mwenye chungu! Vichwa vyote vikainuka kutoka vyunguni. Na kabla sijaelewa kwa nini ananitukana, alinyoosha mkono akaunyakua mrija kinywani mwangu. "Mariamu, acha! Hii iko pombe!"

"Pombe gani? Ni umutobe," nilimjibu, na ulimi wangu ulikuwa umeanza kuwa mzito.

"Weye unanifundisha mimi pombe?"

Mama Karoli akaja anasukuma watu, akachukua mrija, akavuta kwa utaratibu kama hakimu, akainua kichwa. "Iko pombe," akasema. Akavuta tena. "Na iko nzuri." Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Akakigonga chungu kwa kidole, akatueleza kwamba chungu kilichozoea pombe hakisahau kazi yake, ukikiosha kwa sabuni, ukikiosha kwa dua, ukikitia kitu kitamu na joto kitaanza kazi. Watu wakaimba kwamba Muislamu amelewa uhuru. Mimi nikaona wimbo ni mzuri, nikaitikia. Ramazani alikuja mbio, rangi imemtoka usoni, akanikuta najipigia makofi mwenyewe. Aliyenitoa pale ni Yuliana. Alinikalisha kivulini nyuma ya nyumba, akaninywesha maji, akaninawisha uso, akakaa nami bega kwa bega mpaka kichwa kikarudi mahali pake. Ndipo hofu ikanishika, nikaanza kulia, mtoto wangu, mtoto wangu. Akanipapasa mgongo, hakunihubiria. Na pale nyuma ya nyumba, kupitia ukuta wa matete, tulimsikia Mama Karoli anamwambia mtu: "Umemuona mke wa Karoli? Mimi nisingeitema." Yuliana akaweka kiganja mdomoni. Nadhani alikuwa anacheka, lakini machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

Bi Zaituni alipopata habari alikaa kwenye benchi lake akajipiga paji la uso. Nilimuuliza kila Alhamisi mtoto wangu atakuwaje, na kila Alhamisi alinipima, akanisikiliza tumbo, akaniambia anacheza vizuri. "Ila usirudie kuwa mwenye chungu," akasema. Mjini walinitania kwa miaka. Wateja wa Ramazani waliomba wapimwe nguo na fundi, si na mke wake, maana mkono wa mlevi haupimi sawasawa. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilijua nimeona jambo ambalo wengi hawalioni, mtu akishinda bila yeyote kumlazimisha, na nilitaka kuliona tena.

Yuliana alizaa pale dispanseri, mvua za kwanza hazijaanguka, asubuhi, jua liko dirishani. Mimi na tumbo langu tulikaa nje kwenye mkeka pamoja na Mama Karoli, ambaye hakuwasha kiko. Tulisikia sauti ya Bi Zaituni inahimiza, halafu kimya, halafu kilio. Na si kilio cha kuomba, ni cha kudai! Bi Zaituni akatoka na mtoto wa kike, mashavu yamejaa, ngumi zimekunjwa, akampa bibi yake. Mama Karoli akampima kwa mikono, juu na chini, kama anavyopima kibuyu cha mawese kabla ya kununua. Akampima tena. "Yule wa kwanza nilimshika mimi," akasema. "Alikuwa mwepesi." Nilimwona anavyolia, mwanamke yule ambaye sikudhani ana machozi, na mtoto anampigia kelele usoni. Kisha akanipa mimi mtoto, akasimama, akaondoka bila kuaga. Bi Zaituni akanikonyeza kwa wasiwasi. Kwao mzazi anapelekewa pombe ili maziwa yashuke, na sote wawili tulijua amekwenda kuchukua chungu. Tukaingia ndani kwa Yuliana, tukamwambia, naye akajifuta jasho akasema, "Alete. Nitamwambia mwenyewe, mimi kama mimi." Alisema akiwa amelala chali, hana nguvu ya kuinua kikombe.

Adhuhuri ilikuwa imepita, na tumeshatoka tena nje mkekani, Mama Karoli aliporudi. Hakubeba chungu. Alikuwa anamvuta mkono binti yake mdogo, Beata, aliyeolewa mwaka huo huo, msichana mwenye tumbo linaloanza kuonekana na macho mekundu ya aliyeanza kunywa tangu asubuhi. Beata alijifunika uso kwa kitenge, anatamani ardhi impokee. Mama Karoli akamsimamisha mbele yetu.

"Murakoze, asanteni kwa yule," akasema, akielekeza kidevu mlangoni kwa Yuliana. "Nimewaletea huyu."

Bi Zaituni akauliza taratibu, "Anakunywa sana?"

"Nani amemufundisha kama si mimi?" Akamvuta Beata hatua moja mbele. "Na huyu mukae naye."

Bi Zaituni alinigeukia. Mtoto wa Yuliana analia chumbani, wangu ananipiga teke mbavuni, na Beata amesimama, kitenge bado usoni. Nilisogeza tumbo langu kando, nikapiga mkeka kwa kiganja.

"Karibu, mdogo wangu," nilimwambia. "Umekula?"